Kigali yapima moshi wa magari, swali lahamia gereji

Tangu Agosti 2025, gari linalopelekwa kwenye ukaguzi nchini Rwanda halitazamwi tena breki, taa na usukani peke yake. Kipimo huingizwa katika bomba lake la moshi, injini ikiunguruma, na tarakimu zinazosomwa hapo ndizo zinazoamua iwapo litaendelea kutembea barabarani au litarudishwa kwa mwenyewe likafanyiwe matengenezo. Utaratibu huo unasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ya Rwanda, REMA, na nguvu yake inatokana na sheria ya mwaka 2016 inayohusu kulinda ubora wa hewa.

Haja ya kupima haina wabishi wengi. Kigali ni mji wa vilima na mabonde, na katika miezi ya kiangazi utandu wa vumbi na moshi hukaa mabondeni asubuhi hadi jua lipate nguvu. Wingi wa chembe laini zinazoingia mapafuni katika hewa ya mji huo ni mara kadhaa ya ukomo wa mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo, uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Magari si chanzo pekee. Kuni na mkaa wa kupikia vina fungu lao kubwa. Lakini jiko la mkaa haliwezi kuitwa kituoni likapimwa, na gari linaweza.

Lililozungumzwa kidogo ni hatua inayofuata. Gari likishindwa kipimo linakwenda wapi, na huko linakokwenda nani anajua kwa nini limeshindwa? Kwa mwenye teksi au basi dogo anayesubiriwa na tajiri wake kwa hesabu ya jioni, swali hilo lina uzito kuliko kipimo chenyewe. Kila siku ambayo gari limeegeshwa gereji ni siku isiyo na mapato, na kila kipuri kilichobadilishwa kwa kubahatisha ni fedha iliyotupwa. Serikali inaweza kununua mashine za kupima moshi katika mwaka mmoja wa fedha. Kumpata fundi anayeweza kuisoma tarakimu ya mashine hiyo na kuifuata mpaka kwenye mpira uliopasuka ni kazi ya miaka, na eneo zima la Maziwa Makuu limechelewa kuianza.

Hewa ya mlimani

Injini ya petroli ni jiko lenye masharti. Ili kilo moja ya petroli iungue barabara, zinahitajika kilo 14.7 hivi za hewa. Kwa lugha ya pampu ya kituo cha mafuta, lita moja ya petroli hutaka karibu lita 9,000 za hewa ya usawa wa bahari. Mafuta yakizidi kiwango hicho, sehemu yake hutoka bila kuungua sawasawa na kuwa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na yakizidi sana bomba hutoa moshi mweusi. Hewa ikizidi, injini hukosa nguvu, humisi, hupata joto kupita kiasi, na mafuta ambayo moto haukuyafikia hutoka kama yalivyoingia.

Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya saba kuliko ile ya Dar es Salaam au Mombasa. Lita 9,000 hazitoshi tena. Zinahitajika zaidi ya 10,000. Gari la kisasa lenye kompyuta hulitambua jambo hilo na kupunguza mafuta lenyewe. Gari la zamani la kabureta, au lori la dizeli lenye pampu ya kimakanika iliyorekebishwa pwani, halina habari. Linapopanda kutoka Rusumo, linaendelea kumimina mafuta ya kiwango cha bandarini katika hewa ya mlimani, na wingu jeusi linaloachwa nyuma yake kwenye kona za barabara hiyo huwa mara nyingi ni matokeo ya hesabu hiyo tu. Lori hilo linaweza kuwa zima kabisa kwa vigezo vya fundi wa Tabata aliyelihudumia wiki moja kabla.

Ni jambo ambalo watunga kanuni hulisahau kwa urahisi, maana viwango vingi vya moshi vinavyonakiliwa duniani viliandikwa na watu wa nchi ambazo miji yake mikubwa haikai juu ya milima.

Tarakimu zinasema nini

Kwa magari ya petroli, mashine ya kawaida ya kupima moshi husoma gesi nne: monoksidi ya kaboni, kaboni dioksidi, oksijeni, na haidrokaboni, yaani mabaki ya mafuta yasiyoungua. Kutokana na hizo hukokotolewa kipimo kiitwacho lamda, ambacho huwa 1 pale hewa na mafuta vinapolingana, hushuka chini ya 1 mafuta yanapozidi na kupanda juu ya 1 hewa inapozidi. Kwa dizeli hupimwa weusi wa moshi, dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu gari likiwa limesimama.

Kwa mwenye gari, hizo ni tarakimu za kufaulu au kufeli. Kwa fundi aliyefundishwa, ni barua inayoeleza ugonjwa. Monoksidi ya kaboni ikiwa juu, injini inapata mafuta mengi kuliko hewa, na uchunguzi unaelekea kwenye nozeli inayovuja, shinikizo la mafuta lililozidi, au sensa ya joto la maji inayoidanganya kompyuta kwamba injini bado ni baridi. Haidrokaboni zikiwa juu ilhali monoksidi ni ya kawaida, kuna silinda isiyowaka vizuri, na plagi au koili ndizo za kutazamwa kwanza. Haidrokaboni na oksijeni zikipanda pamoja, huku monoksidi ikiwa chini, huenda hewa inapenya mahali isipotakiwa na kuufanya mchanganyiko uwe mwepesi mno kuwaka. Oksijeni ikiwa nyingi peke yake, yafaa kukagua kwanza kama bomba la moshi lenyewe halina tundu, kwa sababu tundu hilo huharibu vipimo vyote vingine.

Hapa ndipo thamani halisi ya mpango wa Rwanda ilipo, kama itatumiwa. Karatasi yenye tarakimu zote, ikifika mikononi mwa fundi anayezielewa, inaokoa nusu siku ya kubahatisha. Karatasi yenye muhuri wa kufeli tu haimwambii kitu asichokijua.

Mjumbe hauawi

Katika gereji nyingi za eneo hili, kuanzia Gatsata mjini Kigali na soko la Kisekka la Kampala hadi barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, siku hizi hakosekani kijana mwenye kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na kusoma makosa yaliyohifadhiwa na kompyuta ya gari. Watu husema gari "limepimwa kwa kompyuta", na usemi huo hubeba uzito wa hukumu. Kumbe kompyuta haitoi hukumu. Inaeleza ilichokiona kutoka mahali ilipo, na mahali hapo aghalabu ni mbali na penye tatizo.

Mfano ulio maarufu ni kosa namba P0171, linalomaanisha kwamba injini inaona hewa nyingi na mafuta kidogo. Taarifa hiyo huletwa na sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi. Mara nyingi kinachofuata ni kubadilisha sensa hiyo. Taa ya injini kwenye dashibodi inazimwa, mteja analipa, na baada ya siku chache taa inawaka tena, kwa sababu sensa ilikuwa nzima na ilikuwa inasema kweli. Waswahili walisema mjumbe hauawi. Gereji zinamuua kila siku, na mwenye gari ndiye anayelipia mazishi.

Njia ya kuliendea kosa hilo haihitaji mitambo ya ajabu. Kifaa kilekile kilichosoma kosa huonyesha pia ni kwa asilimia ngapi kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta ili kurekebisha hali. Kwa gari lenye sensa ya kupima hewa inayoingia, asilimia hiyo hutazamwa mara mbili: kwanza injini ikiwa imetulia, hali ambayo mafundi wa Tanzania huiita sailensa, kisha mzunguko ukipandishwa hadi 2,500 hivi kwa dakika. Kama nyongeza ni kubwa kwenye sailensa na inapungua mzunguko unapopanda, mtuhumiwa ni hewa ya wizi, yaani mpira uliopasuka, gasketi iliyochoka au kibomba kilichochomoka baada ya ile sensa. Tundu dogo lina uzito injini inapovuta hewa kidogo, na humezwa na wingi wa hewa injini inapovuta nyingi. Kama kinyume chake ndicho kinachoonekana, nyongeza ikikua kadiri gari linavyobebeshwa mzigo, basi mafuta hayafiki ya kutosha: pampu imechoka, filta ya mafuta imeziba, au sensa ya hewa imechafuka na inahesabu pungufu.

Kutoka hapo, uchunguzi unakuwa wa mikono. Hewa ya wizi hutafutwa kwa mashine inayopuliza moshi ndani ya njia ya hewa, na mahali moshi unapotokea ndipo penye tundu. Asiye na mashine hiyo hunyunyizia maji kidogo kwenye viungo vya mipira na kusikiliza iwapo mlio wa injini unabadilika. Wapo wanaonyunyizia petroli, na hiyo ni hatari ya moto isiyo ya lazima juu ya injini yenye joto. Upungufu wa mafuta huthibitishwa kwa geji ya shinikizo inayofungwa kwenye bomba la mafuta. Magari mengi ya kawaida ya petroli yanayopuliza mafuta kabla ya vali huendeshwa kwa shinikizo la bar 3 hadi 4, na kiwango cha kila gari huandikwa na mtengenezaji wake. Geji hiyo ni kifaa cha bei ndogo. Hata hivyo katika gereji nyingi pampu hubadilishwa bila kupimwa, na pampu nyingi zilizotupwa zilikuwa zinanyimwa umeme na waya wenye kutu au rilei iliyoungua.

Sensa ya hewa yenyewe inastahili neno zaidi, kwa kuwa mazingira ya barabara za vumbi huionea kuliko kipuri kingine chochote. Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa joto; hewa inayopita huupoza, na kwa kiasi cha kupoa huko kompyuta hukadiria hewa iliyoingia. Vumbi laini likiuganda waya huo, sensa huhesabu kidogo na injini hupewa mafuta kidogo. Aghalabu tiba ni dawa maalumu ya kupuliza, inayokauka bila kuacha mabaki, kisha kuachwa ikauke kabla ya kurudishwa. Kuufuta waya kwa kitambaa ni kuukata. Na chanzo cha vumbi hilo mara nyingi ni filta ya hewa ya bandia isiyobana vizuri kwenye kasha lake, au ile iliyopulizwa kwa kompresa mara nyingi hadi karatasi yake ikatoboka.

Kuhusu filta ya hewa kuna imani moja ya zamani inayofaa kusahihishwa. Wakati wa kabureta, filta iliyoziba ilifanya gari linywe mafuta na kutoa moshi mweusi. Katika gari la petroli lenye kompyuta, filta iliyoziba hupunguza zaidi nguvu kuliko kuongeza matumizi, kwa sababu kompyuta huona hewa imepungua na kupunguza mafuta. Kwa dizeli, hususan zile za zamani, imani hiyo bado ni kweli tupu: hewa ikizuiwa, moshi huwa mweusi. Lori linalopanda Kigali na filta iliyojaa vumbi limepungukiwa na hewa mara mbili, mara moja kwa kimo cha mlima na mara ya pili kwa uzembe.

Moshi wa dizeli una lugha yake pia. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa, na zaidi ya filta hutazamwa mipira ya turbo inayovuja, nozeli zilizochakaa, na vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ikiwa imeganda kwa masizi. Mweupe usioisha baada ya injini kupata joto ni dizeli isiyowaka au maji yanayoingia kwenye silinda. Wa buluu ni oili, na hapo tatizo limekwisha kuvuka mpaka wa hewa na mafuta kuingia kwenye uchakavu wa injini yenyewe, ambako matengenezo yanaweza kugharimu zaidi ya thamani ya gari.

Mafuta yanayosafiri mbali

Hata fundi hodari anafanya kazi na mafuta aliyoletewa. Rwanda haina bandari wala kiwanda cha kusafisha mafuta. Petroli na dizeli zake hupitia kwenye maghala ya Dar es Salaam na Mombasa, kisha husafiri kwa malori zaidi ya kilomita 1,000, zikipakuliwa na kupakiwa njiani. Kila tanki ambamo mafuta hulala ni nafasi ya kuingia maji, kutu, au mkono wa mtu.

Mkono wa mtu una historia ndefu. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli na petroli kwa sababu ndiyo yaliyowasha taa na majiko ya maskini, na tofauti hiyo ikawa mtaji wa wachanganyaji. Tanzania ilianza mwaka 2010 kuweka alama maalumu ya kikemikali katika mafuta yanayouzwa nchini ili yale ya magendo na yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka uliofuata ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya uchanganyaji itoweke. Kenya ilifuata njia hiyo mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, na mlaji wa kijijini akabeba mzigo wa kosa lisilo lake. Neno kuchakachua, ambalo leo Watanzania hulitumia hata kwa kura na mitihani, lilipata umaarufu katika vituo vya mafuta.

Petroli yenye mafuta ya taa huwaka kwa kusuasua, hugonga injini inapobeba mzigo, huacha masizi kwenye plagi na kupandisha haidrokaboni kwenye kipimo cha moshi. Dizeli yenye mafuta ya taa hupungukiwa na ulainishaji, na pampu za dizeli za kisasa, zinazosukuma mafuta kwa shinikizo linalozidi bar 1,000, hulainishwa na dizeli hiyohiyo. Pampu ikianza kujila, chembe za chuma husambaa hadi kwenye nozeli zote. Maji nayo hufanya kazi kama hiyo taratibu zaidi. Ndiyo maana kabla ya kulaumu sensa, fundi mwenye busara huchota mafuta kidogo kutoka kwenye tanki, huyaweka katika chupa safi ya kioo na kuyaacha yatulie: maji hukaa chini, uchafu huonekana kwa macho.

Salfa ni habari njema kwa kiasi chake. Tangu Januari 2015 nchi tano zilizokuwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika milioni, kutoka viwango vilivyokuwa mara kumi ya hapo na zaidi. Bila hatua hiyo, kupima moshi kungekuwa kazi bure, kwa sababu salfa nyingi huziba uwezo wa kisafisha moshi kilicho kwenye bomba, kile ambacho Watanzania hukiita masega kwa jinsi kilivyo na vitundu. Tatizo la masega leo ni jingine: ndani yake mna madini ya thamani, platinamu na jamaa zake, na magari mengi yaliyotumika huwasili Afrika yakiwa yamekwisha kung'olewa kifaa hicho, jambo lililobainishwa mwaka 2020 na uchunguzi wa serikali ya Uholanzi katika bandari zake. Mwenye gari kama hilo anaweza kutengeneza kila kitu cha hewa na mafuta na bado akafeli kipimo.

Hali ni ngumu zaidi ng'ambo ya mipaka. Burundi imeishi na uhaba wa mafuta kwa miaka kadhaa, na madereva wa Bujumbura wamezoea kununua kwa magendo mafuta yaliyovushwa katika vidumu vya plastiki. Mashariki mwa Kongo wauzaji wa barabarani wa aina hiyo wana hata jina lao, kadhafi. Kidumu hakina alama ya kikemikali wala risiti. Katika mazingira hayo kuchujia mafuta kwa kitambaa kabla ya kuyamimina tankini si ushamba. Ni kinga pekee iliyobaki kwa pampu.

Majirani wanatazama

Uganda ilijaribu ukaguzi wa lazima kwa kutumia kampuni binafsi katikati ya muongo uliopita, na mpango huo ukakwama baada ya kupingwa bungeni. Badala yake ilichagua mlango wa forodha: tangu 2018 magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi hayaruhusiwi kuingizwa. Kenya ina ukomo wa miaka 8, na mwaka 2025 ilitoa rasimu ya kanuni zitakazoyaingiza magari binafsi yenye umri wa zaidi ya miaka minne katika ukaguzi wa kila mwaka. Tanzania haikatazi, hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya zamani na kumwachia mnunuzi aamue.

Umri, hata hivyo, ni kipimo cha kivivu. Gari la miaka 12 lililotunzwa linaweza kutoa moshi safi kuliko la miaka 6 lililoendeshwa na mpira uliopasuka kwa miezi minane. Hoja ya Rwanda ya kupima kinachotoka bombani ni ya haki zaidi, maadamu anayefeli anaweza kupata msaada wa kweli. Kashfa ya Volkswagen ya mwaka 2015, ambapo magari yapatayo milioni 11 yaligunduliwa kuwa na programu ya kudanganya vipimo, ilionyesha kwamba pale kufaulu kunapokuwa na thamani kuliko usafi wenyewe, hata mtengenezaji mkubwa hutafuta njia ya mkato. Haitarajiwi fundi wa mtaani awe na subira kuliko yeye.

Katika jambo hili Rwanda ina nafuu moja isiyosemwa sana. Kwa kuwa huendesha upande wa kulia wa barabara, magari yake mengi yenye usukani wa kushoto hayakutengenezwa kwa soko la Japani. Yale yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya yalilazimika, kwa petroli tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuwa na mfumo wa pamoja wa kusoma makosa ambao kifaa chochote cha bei nafuu huweza kuuelewa. Majirani wanaoendesha kushoto, Kenya, Uganda na Tanzania, hutegemea magari yaliyotumika Japani, na mengi ya zamani kati ya hayo huzungumza na vifaa kwa lugha ya mtengenezaji wao. Fundi wa Dar es Salaam huweza kuchomeka kifaa chake na asijibiwe chochote, ama akajibiwa nusu. Nchi hizo zikifuata njia ya Rwanda, zitahitaji kuwekeza zaidi kwenye vifaa vya gereji, na zaidi ya hapo kwenye watu.

Watu hao kwa sehemu kubwa hawakupita vyuoni. Walijifunza kwa kumshikia fundi mkubwa spana, wakarithi ujuzi wake pamoja na makosa yake. Vyuo vya ufundi vya eneo hili hutoa wahitimu, lakini mafunzo mafupi ya jioni kwa fundi ambaye tayari ana gereji na wateja ni nadra, na ndiye anayeletewa gari lililofeli kipimo. Kumfundisha kusoma gesi nne na ile asilimia ya nyongeza ya mafuta hakuhitaji miaka mitatu darasani. Kunahitaji wiki chache, geji, mashine ya moshi ya kugawana kati ya gereji kadhaa, na mkaguzi aliye tayari kumpa tarakimu zote badala ya muhuri.

Kwa pikipiki za abiria, serikali ya Rwanda imeamua kulikwepa tatizo lenyewe: tangu Januari 2025 zinazosajiliwa upya kwa biashara hiyo jijini Kigali sharti ziwe za umeme, na pikipiki hizo hazina kabureta wala filta ya hewa. Zile za petroli zilizokwisha kusajiliwa zinaruhusiwa kuendelea na kazi, sawa na maelfu ya magari madogo, mabasi na malori ya dizeli ambayo bado hayana mbadala wa bei inayolipika. Hayo ndiyo yatakayokuwa yakipanga foleni mbele ya vituo vya ukaguzi, na nyuma yake mbele ya gereji.